Fimbo ya bei nafuu ya kuvulia maski kwa chambo hai wakati wa baridi

Habari zenu, ndugu watazamaji, hasa mlioko Wisconsin na Minnesota, hapa Marekani, ambao baridi ya Novemba haijawafungia ndani. Leo tunachagua fimbo ya kuvulia maski, yule samaki mrefu mwenye meno makali, jamaa ya paiki. Tunavua kwa chambo hai, na nataka tutoke dukani bila kuvuka dola 80.

Kabla ya kushika fimbo yoyote, tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, maski anakuwa mzito wa kukimbiza chambo bandia. Ndipo wavuvi wa huku wanamtumia saka, samaki mwenye mdomo wa kunyonya, mzima wa sentimita 30 hadi 45. Anaogelea taratibu karibu na boti, na fimbo imechomekwa kwenye kishikio. Siri ya bei iko hapo hapo. Fimbo za maski za dola 200 na zaidi zinakuuzia wepesi, ili mkono usichoke kurusha kutwa nzima. Sasa fimbo iliyochomekwa, wepesi wake unamsaidia nani?

Hatua ya kwanza: ukiingia dukani, pita fimbo za maski, nenda zilipo fimbo za kambare. Sitanii. Fimbo ya kambare imetengenezwa kwa ajili ya chambo kizito na samaki mkubwa, na bei yake mara nyingi ni dola 50 hadi 70. Tafuta ya faiba, yaani nyuzi za kioo, au faiba iliyochanganywa na kaboni. Hii mnayoiona mkononi mwangu ni Ugly Stik, aina iliyo sokoni tangu 1976, na ncha yake ni faiba tupu. Ni nzito, nakubali. Lakini inavumilia kugongwa ukingoni mwa boti, wakati kaboni tupu ikipata jeraha dogo hukaa nalo kimya, kisha inakatika siku samaki mkubwa anapovuta.

Hatua ya pili, urefu. Futi saba na nusu hadi nane na nusu. Saka wa nusu kilo hatupwi kwa nguvu. Unambembea polepole mpaka atue majini, na fimbo ndefu inarahisisha hilo. Ya vipande viwili si dhambi, maana wengi wetu tunakwenda ziwani na gari dogo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba msiiruke. Nguvu iliyoandikwa kwenye fimbo, "Heavy" au "Medium Heavy", inatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tusiiamini kwa macho. Njoo na chupa ya maji ya nusu lita, omba ruhusa ya muuzaji, uifunge nchani kwa kamba. Inua taratibu. Tazameni hapa: ncha imeinama, lakini shina, kuanzia katikati kuja mkononi, limenyooka. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ncha laini inamwacha saka aogelee bila kuvutwa-vutwa. Shina gumu linahitajika maski anaposhika, kwa sababu ndoana zinatakiwa zing'oke kwenye saka na ziingie kwenye taya lenye mfupa, zote kwa mvuto mmoja. Usisubiri ameze; ndoana ikifika tumboni, hata ukimwachia anaweza kufa baadaye. Fimbo ikijipinda yote mpaka kwenye mpini, irudishe.

Hatua ya nne, pete za kupitishia mshipi. Chagua pete kubwa. Mshipi wa kusuka hubeba maji, na hewa ikiwa chini ya sifuri yanaganda kwenye pete. Pete ndogo huziba upesi. Mimi napenda za chuma kitupu, zisizo na duara la kauri ndani, kwani kauri hupasuka watu wanapobandua barafu kwa koleo. Barafu ikijaa, chovya ncha ziwani. Maji yale, hata yakikaribia kuganda, yana joto kuliko hewa iliyotengeneza barafu hiyo.

Halafu mpini. Vaa glavu zako za baridi humo humo dukani, waangalie wakitaka. Shika fimbo, bonyeza kitufe cha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kidole kikishindwa, basi. Mpini uwe mrefu chini ya rili ili ukae imara kwenye kishikio, na rili iwe na mlio unaokuita mshipi unapovutwa. Funga mshipi wa pauni 80, na mbele yake kiungio cha waya.

Wa Wisconsin, sheria inawaruhusu mishipi mitatu kwa mvuvi, kwa hiyo saka akae kwenye kishikio huku ukirusha kwa fimbo nyingine. Minnesota, maji yakiwa hayajaganda, kwa kawaida ni mshipi mmoja tu, na msimu wa maski unafungwa mwanzoni mwa Desemba. Soma kanuni za mwaka wako kabla ya kulipia leseni.

Pesa uliyookoa kwa kuacha fimbo ya dola 200 usiipeleke kwenye fimbo ya pili. Nunua wavu mpana, koleo refu na mkasi wa kukatia ndoana.