Niko Plains, kijijini kwa Jimmy na Rosalynn

Haya jamani, mnanisikia? Upepo wa leo si mchezo. Shikamooni wakubwa, mambo vipi wenzangu. Mnaoniona nimesimama na hili likaranga linalocheka meno nje, msidhani nimepotea njia. Niko Plains, Georgia, kwao Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani. Kutoka Atlanta nimeendesha kama saa mbili na nusu, mashamba kushoto, mashamba kulia.

Nilipowaambia nakuja huku, wengi mliuliza: yule rais mkulima wa karanga? Ndiye. Ila mimi leo nimemfuata mkewe, Rosalynn.

Hawa hawakukutania ukubwani. Mama yake Jimmy alikuwa nesi, na mwaka 1927 alisaidia kumzalisha mama yake Rosalynn. Kesho yake akamchukua mwanawe, hajatimiza hata miaka mitatu, akamwonyesha kitoto cha jirani. Ndiye huyo huyo akaja kumwoa 1946! Na posa ya kwanza bibie aliikataa.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1953 Jimmy ni afisa wa jeshi la majini, wanakaa Schenectady, kule New York, wana watoto watatu wa kiume, maisha yameshakaa sawa. Baba yake akafariki. Jimmy akaamua peke yake: naacha jeshi, tunarudi kijijini. Rosalynn alinuna huyo! Safari ya kurudi hamsemeshi mumewe. Haja ikiwabana, anamgeukia Jack, mtoto mkubwa: mwambie baba yako tunataka kwenda chooni. Wake za watu mnaonisikiliza, najua mnacheka.

Walifikia kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, na msimu wa kwanza ukame ukawapiga. Rosalynn akashika hesabu za ghala la karanga, mpaka mumewe akawa hafanyi jambo la biashara bila kumuuliza. Ndiyo maana walipoingia Ikulu mwaka 1977, mwaka huohuo alimtuma Amerika ya Kilatini, nchi saba, akazungumze na wakubwa wa huko kwa niaba yake. Baadaye akawa anaingia kwenye vikao vya Baraza la Mawaziri, kakaa na kalamu yake, anaandika tu. Watu wakanung'unika: huyu nani alimpigia kura? Kwetu wangesema mzee kalishwa limbwata.

Halafu 1987 wakaandika kitabu pamoja, kidogo ndoa iende. Kila mmoja anakumbuka kivyake. Ikafika mahali wanaandikiana maneno makali kwa kompyuta, na wanaishi nyumba moja! Mhariri akapata dawa: aya wanazogombania ziwekewe herufi, J ya mume, R ya mke, kila mtu abaki na lake. Na hao ndio waliokaa kwenye ndoa miaka 77.

Rosalynn alifariki Novemba 19, 2023. Mzee alikuwa na miaka 99, mgonjwa wa kuuguziwa nyumbani tangu Februari, lakini ibadani walimleta, yuko kwenye kiti cha magurudumu, kafunikwa blanketi lenye picha yao wawili. Desemba 29 ya mwaka uliofuata naye akaondoka, ana miaka 100. Wamelala pamoja kwenye kiwanja cha nyumba yao, ileile waliyoijenga 1961.

Ngoja nivuke barabara, nasikia hapa kuna aiskrimu ya siagi ya karanga. Wapenzi wa kashata, nitawaambia kama inafua dafu.