Mtazameni Mtoto Sikio, Si Mdomo

(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa chekechea, Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, marahaba, nimewasikia hata ambao hamjaamkia. (Kicheko.) Wengi wenu mmeshanisikia, mnajua ninakokwenda, kwa hiyo sitazunguka. Mtoto akichelewa kusema, sisi tunamfungua mdomo. Bibi anamkagua ulimi. Shangazi anauliza kama kile kigozi cha chini ya ulimi kilikatwa. Jirani wa Makorora anamjua mtu wa kukikata. Ulimi, ulimi, ulimi! Sikio linakumbukwa mtoto ana miaka mitatu, na kwa bahati.

Wataalamu nao waliugua ugonjwa huohuo. Waliulizwa binadamu alipataje kusema, wakakimbilia kooni: kikoromeo, yaani kile kisanduku cha sauti, kimeshuka chini kooni, ndiyo maana tunasema. Nitarudi huko nikipewa muda. Mimi naanza na sikio, kwa sababu ndilo lililoanza.

Mwaka 1971, huko Marekani, Peter Eimas na wenzake waliwachukua watoto wachanga wa mwezi mmoja na wa miezi minne. Sasa kichanga utamhoji vipi? Hajibu, haonyeshi kidole, shingo yenyewe haijakaza. Anachokiweza ni kunyonya. Basi wakampa chuchu ya mpira isiyo na maziwa, imeunganishwa na mtambo wa kupima anavyonyonya. Akivuta kwa nguvu anasikia "ba". Anapenda! Anavuta kwelikweli. Ba, ba, ba, mpaka inamchosha, mvuto unalegea. Hapo wanambadilishia bila kumwambia: "pa". Mtoto anaanza kuvuta upya. Wa mwezi mmoja, jamani, hata hajui kuwa ana mikono!

Na msidhani tofauti hiyo ni kubwa. Midomo inafumba na kufumbua vilevile. Kinachopishana ni lini nyuzi za kooni zinaanza kutetema, mapema au baadaye kidogo, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tena sikilizeni hili: wakimpa sauti mbili zilizopishana kwa muda uleule, lakini zote kwetu ni "ba", habadiliki. Mpaka wake kati ya "ba" na "pa" uko palepale ulipo wetu.

Kila nikifika hapa kuna mtu huinua mkono: "Mwalimu, basi sisi tumeumbiwa sikio la lugha peke yetu." Teremsha mkono, baba. Mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller walimfundisha chinchila kutofautisha "da" na "ta". Chinchila ni mnyama mdogo wa milima ya Andes, jamii ya panya, manyoya tele. Akaweka mpaka karibu palepale wanapouweka watu. Huyo hajawahi kusema wala hatarajii kusema! Kwa hiyo mpaka ule ni wa zamani kuliko usemi. Usemi ulipokuja uliukuta, ukapanga sauti zake pande mbili.

Mnataka mfano wa karibu? Tumbili. Hawa wanaotumalizia mahindi mashambani. Huko Amboseli, Kenya, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi vilio vyao vya hatari, wakawapigia kwa spika wakati hakuna hatari yoyote. Kwa kilio cha chui walipanda mtini. Kwa cha tai walitazama juu au kukimbilia kichakani. Kwa cha nyoka walisimama wima wakikagua nyasi. Hayo yalitoka mwaka 1980, na kila mtu hushangilia: tumbili anasema! Mimi sishangilii hapo. Ninachokipenda ni kwamba tumbili haohao wanaelewa hata vilio vya hatari vya kwenzi. Ndege! Mdomoni tumbili ana vilio vichache alivyozaliwa navyo, lakini sikioni anajifunza hata habari za ndege. Sikio lake limeuacha mdomo mbali. Na mtoto wako wa miezi minane yuko hivyohivyo.

Tena sikio halingoji. Miezi ya mwisho ya mimba mtoto anasikia, na akizaliwa anaitambua sauti ya mama yake. Halafu linaanza kuchagua. Janet Werker na Richard Tees, mwaka 1984, waliwapima watoto wa Kanada kwa sauti za Kihindi ambazo Kiingereza hakina. Wa miezi sita hadi minane walizitofautisha. Wa kumi hadi kumi na miwili, wengi wameshindwa. Yaani kabla mtoto hajasema "mama", sikio limeshaamua lipi la kushika na lipi la kuacha. Sasa niambie, asiyesikia mkamgundua ana miaka mitatu amepoteza nini.

"Lakini wangu anasikia, nikipiga sufuria anashtuka." Sufuria! Amekuona mkono, au amesikia kishindo kikubwa na "s" na "f" hazisikii kabisa. "Lakini anatoa sauti." Kiziwi naye hulia, hucheka, huvuta "aaa" na "uuu" miezi ya mwanzo, ndiyo maana nyumba nzima inatulia. Sikilizeni silabi: ba-ba-ba, da-da-da. Kwa anayesikia huja kabla ya miezi kumi. Zisipokuja, nenda kwa daktari wa masikio, usiende kwa mwenye wembe. Na sikio linalotoa usaha halingojewi likauke lenyewe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kikoromeo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba kulungu dume wa Ulaya naye kikoromeo chake kimeshuka, na anachokifanya ni kunguruma tu. Mwaka 2016 wakampima nyani wa Asia anayeitwa makaki kwa eksirei, wakaona koo na mdomo wake vingetosha kutoa maneno ya kueleweka. Kinachokosekana ni ubongo wa kuviongoza. Basi, hiyo ndiyo habari ya koo. Habari za jeni nilizoahidi kwenye tangazo hazitapata nafasi, mtanisamehe.

Simu nitasema kwa mbio. Kuhl huyohuyo, mwaka 2003, aliwapa watoto wa Marekani wa miezi tisa Kichina cha Mandarini. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliye mbele yao walishika sauti zake. Walioonyeshwa mtu huyohuyo kwenye runinga hawakushika kitu. Na simu ni vilevile: katuni mnazowawekea ili mkaange samaki kwa raha si mazungumzo.

Maswali. Mama wa mtandio wa kijani, nimekuona. Kisambaa na Kiswahili kwa pamoja? Ndiyo. Bibi aseme chake, wewe sema chako, mtoto hatachanganyikiwa. Na ukirudi Lushoto usimnyamazie. Mwingine.