Jinsi ya Kukagua Ubora wa Mahitaji ya Mfumo

Karibu, mtazamaji. Leo tunakagua hitaji moja, yaani sentensi inayoeleza mfumo wa kompyuta unapaswa kufanya nini. Ni la mfumo wa mikopo wa SACCOS, nalo linasomeka hivi: "Mfumo ushughulikie maombi ya mikopo kwa haraka na kumjulisha mwanachama." Fungua hati yako ya mahitaji ili tufanye kazi hii pamoja.

Kwanza, tenganisha. Sentensi hiyo ina mahitaji mawili, na kila moja linastahili namba yake, kwa kuwa uchakataji wa maombi unaweza kukamilika huku ujumbe wa simu ukisubiri mkataba na kampuni ya mawasiliano.

Pili, uliza mjaribu wa mfumo atalipimaje hitaji hilo. Hapa usiwe na pupa. Kwa afisa mikopo, "haraka" ni siku hiyohiyo. Kwa mwanachama aliyeshika simu, ni dakika chache. Warudie wote wawili mpaka mpate sentensi inayopimika, kwa mfano: "Mfumo uonyeshe uamuzi wa awali ndani ya sekunde 30 baada ya mwanachama kuwasilisha ombi lililokamilika." Hata neno "lililokamilika" linadai maelezo: viambatisho vipi, wadhamini wangapi? Usibuni tarakimu peke yako mezani, maana tarakimu ya kubuni ni mbaya kuliko neno lenye utata: neno litaulizwa, tarakimu itaaminiwa.

Kiwango cha kimataifa cha uandishi na usimamizi wa mahitaji, ISO/IEC/IEEE 29148, toleo la mwaka 2018, kinatofautisha sifa za hitaji mojamoja na sifa za mahitaji yakiwa pamoja. Kwa hiyo, hatua ya tatu ni kuyalinganisha: kama hitaji la 12 linataka wadhamini wawili na la 31 linataka watatu, simamisha yote mawili.

Nne, tafuta lisiloandikwa. Kusoma hati tena na tena hakutakuonyesha pengo. Keti na afisa mikopo, mfuatilie mkopo mmoja tangu fomu hadi rejesho la mwisho, ukiuliza kila kituo itakuwaje ombi likikataliwa, mdhamini akijitoa, au mtandao ukikatika katikati ya malipo.

Hitaji ambalo bado lina swali liwekee alama ya "linasubiri", uandike cheo cha anayepaswa kujibu pamoja na tarehe ya mwisho, na usilikabidhi kwa wasanidi programu kabla jibu halijapatikana.