Imani Tuliyoikuta Kihambani

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuniita niseme juu ya urithi wa familia na imani. Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa pili, mara tu baada ya salamu alimtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, akasema imani ile ilikaa kwao kwanza. Nami nitakaa hapo hapo, ila nyumba nitakayoitazama ni ya kwetu Uchaggani, mlimani Kilimanjaro.

Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893. Walikuta watu wenye ukoo, wenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, wenye namna yao ya kuombana radhi. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na usharika ujengwe juu yake. Sikubaliani naye kwa yote, nitafika huko. Lakini Wajerumani walipoondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika hazikufa. Walimu wenyeji waliendelea kufundisha, na sala ilikuwa imekwisha kuingia majumbani.

Sasa tutazame isale. Mmea huu tunaupanda mipakani mwa kihamba na penye makaburi ya wazee. Mtu aliyekukosea akija mlangoni na jani la isale mkononi, mila haikukuruhusu kumfukuza. Kulikataa jani lile lilikuwa jambo zito. Mtoto aliyemwona babu yake akilipokea kutoka kwa mtu aliyemdhulumu, akanyamaza kitambo, kisha akaagiza mgeni apewe kiti, huyo akifika kipaimara na kufundishwa "utusamehe makosa yetu" hahitaji maelezo marefu. Amekwisha kuona msamaha unavyomgharimu mtu mzima. Ndiyo maana naumia nikiona ndugu wa tumbo moja, wote washiriki wa Meza ya Bwana, wanaburutana mahakamani kwa hatua mbili za mpaka, na masale yamesimama pale pale katikati yao.

Na mnada wa baada ya ibada je? Mama analeta mkungu wa ndizi, unanunuliwa na jirani kwa bei iliyozidi ya sokoni, halafu jirani yule yule anampa mkungu huo mjane aliyeko nyuma. Watoto wamesimama wanatazama. Wazazi mnaoishi Dar es Salaam, mnaowaleta watoto Desemba tu, waacheni wasimame pale. Msiwaharakishe kwenye gari.

Lakini urithi si wote mtakatifu, na hapa ndipo ninapoachana na Gutmann. Kifungo cha ukoo alichokisifu kiliwafunga pia mabinti nje ya kihamba. Kitindamimba wa kiume alibaki na nyumba ya baba, kaka wakubwa wakagawiwa, dada akaambiwa ardhi yake iko kwa mumewe. Ndoa ikivunjika, anarudi nyumbani kama mgeni. Nimesikia wakristo wema wakisema, "ndiyo mila yetu." Someni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamenena haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kanisa lilipaswa kuwa la kwanza kusema hivyo, maana lilikuwa na Hesabu 27 tangu Biblia ilipofika mlimani.

Basi Desemba hii, vikao vya ukoo vitakapokaa, dada zetu wasiachwe jikoni. Wawekewe viti, wasikilizwe, na majina yao yaandikwe kwenye mgawanyo. Wazee wa kanisa mlio hapa, wengi wenu ndio wenyeviti wa vikao hivyo.