Kuchagua klasi kwenye Final Fantasy XIV ukiwa Dar

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tunatengeneza mhusika wa Final Fantasy XIV, mchezo wa kuchezwa mtandaoni na watu wengi, na kwenye klasi, yaani aina ya mpiganaji utakayekuwa, nataka twende taratibu. Ushauri mwingi mtandaoni unatoka kwa watu wanaokaa karibu na seva. Sisi wa Dar, seva za karibu ziko Ulaya, na ule muda wa amri kwenda na kurudi unabadilisha kabisa klasi itakayokunogea.

Fungua toleo la majaribio. Ni bure, halina kikomo cha siku, na linakufikisha levo ya 70. Kwenye seva chagua Ulaya, kundi la seva liitwalo Chaos au Light.

Haya, hapa sasa. Klasi za kuanzia vita ziko nane. Usiangalie mavazi, angalia kazi. Gladiator na Marauder ni ngao, wao hutangulia na kupokea kipigo. Conjurer ni mganga wa kikosi. Watano waliobaki kazi yao kuumiza adui.

Bonyeza Archer, mpiga upinde. Huyu anarusha mishale huku anakimbia, na kwetu hilo ni kubwa. Tazama hapo chini: ardhi imegeuka rangi ya chungwa, maana yake pigo linakuja. Seva inapima uliposimama pale mstari wa adui unaoonyesha anaandaa pigo unapojaa, si pale mlipuko unapoonekana. Mtandao ukiwa mzito, wewe unajiona umeshatoka, seva inakuona bado umo, na damu inashuka. Kwa hiyo rangi ikitokea tu, ondoka, wala usisubiri kumalizia pigo lako. Archer hapotezi kitu kwa kukimbia mapema. Mapigo yake ya kawaida nayo yanapishana kwa sekunde 2.5 hivi, muda unaovumilia mtandao wa kusuasua. Ninja je? Anavutia, najua, lakini ishara zake za vidole zinataka ubonyeze haraka kwa mfululizo. Mwache kwanza.

Endelea hadi levo ya 10 na umalize kazi ya klasi ya levo hiyo, yaani jukumu unalopewa na chama cha klasi yako. Sasa nenda Stillglade Fane, makao ya chama cha Conjurer, humo humo mjini Gridania ulikoanzia, ujiunge na Conjurer. Huhitaji mhusika mwingine: ukibadilisha silaha, klasi inabadilika. Ila levo ya klasi mpya inaanzia 1, kwa hiyo hifadhi seti ya vifaa vya kila klasi ili usihangaike kuvaa upya.

Kwa nini uganga? Kikosi cha pangoni, yaani sehemu ya kupigana na maadui na bosi mkiwa kundi, ni watu wanne: ngao mmoja, mganga mmoja, waumizaji wawili. Waumizaji ni wengi, wanasubiri foleni. Mganga kwa kawaida anaingia upesi, na wenzake wanamhitaji kwelikweli. Pango la kwanza, Sastasha, ni la levo ya 15. Ukiwa humo, macho yako yakae hapa juu kushoto kwenye damu za wenzako kuliko kwa bosi. Anza Cure, uganga wako wa kuponya, kabla damu ya ngao haijafika nusu, maana na yenyewe inachelewa njiani.

Ukifika levo ya 30, maliza kazi ya Conjurer, kisha chukua ile ya White Mage, daraja la juu la Conjurer. Watakupa kito cha roho. Kivae palepale kwenye ukurasa wa mhusika. Wengi wanakiacha kwenye mfuko na kuingia pangoni wakiwa bado Conjurer, bila uwezo wa White Mage, na kikosi kizima kinateseka.