Ushauri wa kupanga muda: upi uchukue, upi uachane nao

Haya jamani, karibuni, wale mliosimama mlangoni viti bado vipo hapa mbele, sogeeni tu.

Leo tunaongelea huu ushauri wa kufanya kazi kwa tija unaotujia kila siku kwenye simu, amka saa kumi na moja alfajiri, andika malengo yako, jenga tabia mpya kwa siku 21, mnaujua wote. Kuna watu wanaudharau, wanasema ni biashara ya watu tu, na kuna wengine wanaushika kama dini kabisa. Mimi naona hivi, ushauri unaokwambia ufanye kitu gani, saa ngapi na ukiwa wapi, huo mara nyingi unasaidia kweli. Ule unaokwambia uwe mtu wa namna gani ndio unaowaacha watu wakijilaumu bure.

Tuanze na hizo siku 21, maana zimeumiza wengi. Mwaka 1960 daktari mmoja wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya. Kwa uchache! Na alikuwa anaongelea kuzoea sura, sasa watu wakalichukua wakaligeuza sheria ya kila tabia duniani. Baadaye Phillippa Lally na wenzake kule London wakawafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja kajichagulia kitu kidogo cha kufanya kila siku, kama kunywa maji na chakula cha mchana, na matokeo yalitoka 2010 hivi: mtu wa katikati alihitaji siku 66, na kwa hesabu zao wengine ni siku 18 tu na wengine hadi 254. Yani we ukifika siku ya 22 bado unajilazimisha hamna kilichoharibika kwako, uko kawaida kabisa. Na kitu kingine walichokiona, ambacho mimi nakipenda kuliko hata hiyo 66, kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo yule anayekwambia ukikosa siku moja anza upya kuhesabu toka moja, achana naye.

Sasa njoo kwenye upande unaofanya kazi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, yeye na mwenzake waliwaambia wanafunzi waandike ripoti ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waitume ndani ya masaa 48. Fikiria mwenyewe, likizo, ndugu wamejaa nyumbani, nani ana hamu na ripoti. Nusu yao wakaambiwa wapange kabisa saa ngapi na mahali gani watakaa kuandika, wengine hawakuambiwa. Waliopanga, karibu robo tatu walituma, wasiopanga ilikuwa kama theluthi moja tu. Watu ni walewale, kazi ni ileile, tofauti ni sentensi moja tu waliyojiwekea.

Ndio maana mtu akinionyesha orodha yake ya kazi imeandikwa "ripoti" nasema hapo bado hujaandika kazi, umeandika wasiwasi. Andika "nikishamaliza kuosha vyombo usiku, nakaa mezani, nafungua faili la ripoti, naandika aya ya kwanza". Unaona? Kuna kinachokuanzisha, kuna mahali, na mwisho wake unauona. Ukiangalia hiyo sentensi huna cha kujiuliza tena, unainuka unaenda.

Na muda uuongeze, tafadhali. Mwaka 1994 Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao, kwa wastani wakakisia siku 34, ikaja kuwa siku 55 na ushee, na hata walipoambiwa wakisie kama kila kitu kitaenda vibaya walisema 49 hivi, yani makisio yao mabaya kabisa bado yalikuwa na matumaini kupita kiasi. Dawa yake ni kuangalia kazi kama hiyo mara ya mwisho ilikuchukua muda gani, hiyo ndiyo namba yako, usiipunguze kwa sababu leo una nguvu.

Kuhusu kuahirisha sitakaa sana, ila mjue hili: watafiti kama Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wanasema tatizo kubwa hapo ni hisia, saa na kalenda zinakuja nyuma. Mtu anaikimbia kazi kwa sababu inamtia hofu au inamchosha roho, sasa hapo ukimpa programu nyingine ya kalenda atatumia jioni nzima kuipangilia rangi na kazi itabaki palepale. Afadhali aseme wazi nini kinamtisha kwenye hiyo kazi, kisha aanze na kipande kisichotisha.

Lakini kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Huu ushauri mwingi umeandikwa na watu wenye mamlaka na siku zao wenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama mwenye mtoto mchanga anayeamka mara tatu usiku unamwambiaje aamke saa kumi na moja akatafakari? Dada wa mapokezi anayepokea simu siku nzima unamwambiaje azime simu masaa mawili afanye kazi ya kina? Akishindwa anadhani ni mvivu, na sio mvivu hata kidogo, siku yake imeshikwa na watu wengine. Huyo ushauri usimpe yeye, mpe bosi wake: punguza vikao, mpe mtu wa kupokezana naye simu, na kazi ya dharura ikiingia useme mwenyewe ipi kati ya zile za mwanzo isubiri.