Nyigu Waliomo Ndani ya Bua Kavu: Namna ya Kuwatafuta, Kuwalea na Kuwarudisha

Ndugu watazamaji, habari zenu, karibuni. Niko Illinois, katikati ya Marekani, mwezi Machi. Theluji imeyeyuka juzi na ardhi bado inabonyea chini ya buti. Mabua haya nyuma yangu yananizidi urefu, na yamekauka tangu vuli. Jana jirani alipita akaniuliza nitayafyeka lini. Nikamjibu kwamba siyafyeki, yana wenyewe.

Leo tutawatafuta wenyewe hao. Ni nyigu wadogo, kila mmoja mfupi kuliko punje ya mchele. Wanaitwa nyigu wa vivimbe, yaani vijumba ambavyo mmea hujenga kumzunguka buu wao, hawamchomi mtu, na karibu maisha yao yote wanayamaliza ndani ya bua. Nitawaonyesha jinsi ya kulipata bua lenye nyigu, kulipasua, kuwalea mpaka watoke, kisha tutatazama jambo ambalo mimi kila mwaka nalisubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Kwanza tuujue mmea. Huu ni mmea-dira, kwa jina la kisayansi Silphium laciniatum, ndugu wa alizeti. Unaitwa dira kwa sababu wakati wa kiangazi majani yake ya chini husimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini, bapa likitazama mashariki na magharibi. Hivyo linapata jua la asubuhi na la jioni, na kali la adhuhuri linapita pembeni. Sasa hivi majani yamenyauka, kwa hiyo tegemea bua. Ni la mviringo, nene kama kidole gumba, lina vinywele vigumu vinavyokwaruza kiganja. Majani makavu ya chini utayaona yamechanwachanwa mpaka karibu na uti wa kati. Na hapa, sogeza kamera mwanangu, haya matone yaliyoganda ni utomvu. Watoto wa zamani wa huku, wa wenyeji wa asili na wa walowezi, waliutafuna kama bigijii. Ukiuvunja unanuka msonobari, ile harufu ya tapentaini ya mafundi rangi. Ikumbukeni harufu hiyo, tutaihitaji baadaye.

Mmea huu una ndugu zake, nao wana nyigu wao. Ukiona bua la pembe nne, ambalo majani yake yalishikana mawili mawili yakafanya kikombe cha kukinga maji ya mvua, hilo ni Silphium perfoliatum. Ukiona bua laini lisilo na majani, na chini yake mabaki ya majani mapana kama koleo, hilo ni Silphium terebinthinaceum. Usichanganye mabua ya aina mbili katika chombo kimoja. Sababu nitaieleza tukifika kwa madume.

Wengi hukosea hapa. Wanaona uvimbe mviringo kama gololi kubwa katikati ya bua la ua jingine la njano, Solidago, wanadhani wamempata nyigu. Ule ni wa nzi, Eurosta solidaginis. Uvimbe wa nje unaotokana na nyigu wa vivimbe upo pia, lakini juu ya Silphium integrifolium. Nyigu Antistrophus silphii hutaga kwenye ncha inayokua, ncha ikavimba, na bua likaacha kurefuka. Huyo alichunguzwa sana kwenye mbuga ya Konza, Kansas. Sisi leo tunamtafuta ndugu yake, Antistrophus rufus, ambaye haonyeshi chochote nje. Bua lake ukilitazama utaapa halijaguswa na mdudu.

Kabla ya kukata, omba ruhusa. Nasisitiza kwa sababu mbuga hizi, prairi kama wanavyoziita, zimebaki kidogo mno. Illinois ilikuwa na takriban ekari milioni 22. Mwaka 1837 mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma cha pua huko Grand Detour, jimbo hili hili, plau iliyoweza kukata udongo huu mzito bila kunatiwa. Baada ya hapo zikalimwa karibu zote. Zilizobaki katika hali njema hazifiki hata sehemu moja katika elfu. Nyingine zimo makaburini, nyingine kandokando ya reli, mahali ambapo plau haikupita. Kwenye hifadhi usikate hata kijiti bila kibali. Mabua yangu haya nimeyaotesha mwenyewe nyuma ya nyumba, na mengine nimepewa na mzee mmoja mwenye shamba. Mmea huu hauna haraka, huchukua miaka kabla ya kutoa bua la kwanza la maua, lakini ukishakita mzizi wake, unaokwenda mita kadhaa chini, utakuzika wewe kabla ya kufa wenyewe.

Haya, tukate. Tumia mkasi wa bustani au msumeno mdogo. Chukua bua la mwaka jana tu. Utalijuaje? Kagua ganda lake. Ukikuta matundu madogo ya mviringo, kama yaliyotobolewa kwa pini, basi wenyewe walishatoka na hilo ni la mwaka juzi. Usikate yote. Mimi kwa kila mabua kumi nachukua mawili, manane yanabaki yamesimama. Kata vipande vya urefu wa sentimita 20 hivi, viweze kuingia kwenye chupa ya maji, na kila kipande kipe kikaratasi: tarehe, mahali, aina ya mmea. Andika kwa penseli, wino wa kalamu hufutika ukipata unyevu.

Sasa tumepata kivuli, tupasue kimoja. Kimoja tu, kwa kuwa hawa tutakaowatoa hawatapona. Shika kisu chenye makali, anzia juu, upasue kwa urefu kama unavyopasua muwa. Taratibu. Unaona moyo wa bua ni mweupe, mwepesi, kama sifongo? Sasa tazama hapa, karibu na ganda, na hapa ndani. Kuna vitu kama punje za mtama vimepandwa mle. Hivyo ndivyo vivimbe. Kimoja, viwili, vitatu... katika kipande hiki peke yake nahesabu kumi na vinne.

Toboa kimoja kwa ncha ya sindano, tumia lenzi ya kukuzia. Ndani yupo buu mmoja, mweupe, mnene, hana miguu, amejikunja. Chumba kimoja, buu mmoja. Na chumba hicho hakukijenga yeye. Mama yake alichoma bua lilipokuwa bichi likirefuka, akaweka yai. Baadaye mmea wenyewe ukajenga ukuta kulizunguka, na upande wa ndani ukaweka tabaka la seli laini zenye lishe. Buu alikula ukuta wa nyumba yake kiangazi chote. Bua likafa, theluji ikaja, naye akabaki humo akisubiri.

Msishangae mkikuta wageni. Huyu mrefu aliyechimba njia katikati ya moyo wa bua ni buu wa mbawakawa mdogo wa jenasi Mordellistena. Na katika baadhi ya vivimbe anayeishi si mwenye nyumba tena. Kuna nyigu vimelea, wa jenasi Eurytoma kwa mfano, ambao buu wao humla buu wa nyigu wetu akiwa chumbani mwake. Mtu akiniambia bua kavu ni takataka, mimi namletea kisu na lenzi, namwambia apasue mwenyewe.

Hatua ya kuwalea haina gharama. Tafuta chupa ya maji ya plastiki, ya lita moja na nusu, inayopitisha mwanga. Kata shingo yake, ingiza kipande cha bua kizima, kisichopasuliwa. Funika mdomo kwa kitambaa chembamba, kwa sababu matundu ya chandarua cha kawaida ni makubwa kwa mdudu huyu, kisha kaza kwa rababendi. Weka kibarazani au bandani, penye kivuli na baridi ya nje. Mara moja kwa wiki nyunyiza maji kidogo juu ya kitambaa.

Mwaka wangu wa kwanza niliyafungia mabua ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa selotepu. Baada ya wiki tatu kulikuwa na ukungu wa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipasua kila kipande na hakuna aliyekuwa hai. Yaliniuma, maana mabua yale yalitoka kwenye mmea mmoja tu uliotoa maua mwaka ule. Kwa hiyo hewa, ndugu zangu, hewa ipite.

Na usiyaweke sebuleni penye joto ukidhani unawasaidia. Joto huwaharakisha. Watatoka wakati nje bado kuna baridi na hakuna bua bichi hata moja la kutagia.

Sasa nimeruka mbele, hii sehemu tumeirekodi majira ya kuchipua yalipofika. Chungulieni ndani ya chupa. Wametoka. Hawa ni madume, wembamba, tumbo dogo. Majike tumbo lao ni kubwa zaidi na limebanwa pande mbili. Madume hutangulia siku kadhaa, na majike wako wapi? Bado wamo ndani ya bua.

Mfuateni huyu mmoja. Anatembea juu ya ganda na vipaapasio vyake viwili vinagonga, vinagonga, vinagonga, kama mpiga ngoma anayejaribu ngozi. Anapita mahali, anageuka. Sasa amesimama. Hapo aliposimama, nje hakuna alama yoyote. Lakini chini ya ganda kuna jike ambaye hajatoka.

Amejuaje? Mwaka 2002 John Tooker na Lawrence Hanks, wa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na mwenzao, walichapisha jibu. Si jike anayetoa harufu ya kumwita dume, kama tunavyozoea kusikia kwa nondo. Harufu ni ya mmea. Ile harufu ya msonobari niliyowaambia mwikumbuke ina vitu vinavyoitwa alfa-pineni na beta-pineni. Kila kimoja kina maumbo mawili, yanafanana kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Sehemu ya bua yenye vivimbe ina uwiano tofauti wa hizo za kulia na za kushoto ukilinganisha na bua lisilo na vivimbe. Buu ndiye aliyeubadilisha, tangu akiwa anakula. Bua linakufa, miezi ya barafu inapita, uwiano unabaki kwenye bua kavu, na dume anausoma kwa vipaapasio. Kila nikilifikiria hili nakaa kimya kidogo.

Hii ndiyo sababu ya kutochanganya mabua. Nyigu wa kila aina ya mmea wana uwiano wao wa kufuata. Mwaka 2004 watafiti hao walipowachunguza vizuri waliona kwamba waliokuwa wakiitwa wote Antistrophus rufus si aina moja. Wa kwenye bua la kikombe wakapewa jina Antistrophus jeanae, na wa kwenye lile la majani ya koleo wakaitwa Antistrophus meganae.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua sahani nyeupe, weka vipande viwili vya bua la aina moja, urefu wa kidole. Kimoja kitoke kwenye bua ulilokuta vivimbe, kingine kwenye bua ambalo ulipasua juu na chini ukakuta tupu. Muweke dume katikati kwa brashi laini ya rangi, wala usimshike kwa vidole. Hesabu dakika tano, andika anakaa wapi na anagonga wapi. Rudia kwa madume kumi, kila mara ukibadilisha kipande kipi kiko kulia, maana mwanga wa dirishani unaweza kumvuta ukadhani ni harufu. Ukiwa na watoto nyumbani wape daftari waandike wao. Wangu huyu anayeshika kamera ameandika kurasa sita.

Jike akitoboa ganda na kutoka, mara nyingi dume yuko palepale. Wanapandana juu ya bua, na maisha ya nje ni ya siku chache tu. Kama ilivyo kwa nyuki, yai lisilorutubishwa huwa dume na lililorutubishwa huwa jike.

Ndiyo maana hatuwaweki. Asubuhi ukiwaona majike, beba chupa mpaka kwenye mmea uleule walikotoka, mabua mapya yanapoanza kurefuka, fungua kitambaa, ilaze chupa ubavu. Vipande vya bua visitupwe kwenye pipa, kwa sababu wengine hutoka baadaye. Visimamishe, uvifunge kwenye kijiti.

Na kuna moto. Prairi zinahitaji kuchomwa mara kwa mara ili miti isizivamie, mimi sipingi hilo. Lakini aliye ndani ya bua kavu hana pa kukimbilia. Ukiwa na eneo lako, choma sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, isichomwe yote kwa siku moja. Kama eneo ni la mwingine, waulize watachoma lini na upande gani, na kama watakuruhusu, siku moja kabla kata mabua machache uyahamishie upande usiochomwa. Mzee mwenye shamba anachoma Jumamosi. Haya tuliyobeba ni ya kwake, ndiyo tunayafunga hapa kwenye uzio.

Nipe kamba, mwanangu. Funga juu kidogo, yasilale kwenye maji. Hapo hapo. Kamera unaweza kuzima.